Sapoti: Mzigo wa Nani?

Kuna neno ambalo siku hizi halikosekani katika hotuba, katika taarifa za miradi, katika kumbukumbu za vikao vya shule, na hata katika barua zenye mhuri wa ofisi ya umma. Neno hilo ni "sapoti". Halmashauri inaomba sapoti. Shule imepata sapoti. Mwimbaji anataka sapoti, mgonjwa anahitaji sapoti, mgombea anatafuta sapoti, na maharusi wanasambaza kadi ili wapewe sapoti. Mgeni akiyasikiliza mazungumzo haya kwa makini atadhani kuwa Waswahili, tangu walipoanza kusemezana, hawakuwahi kushikana mkono, kuchangiana wala kupokezana mizigo, mpaka Mwingereza alipowahurumia akawaletea jina la kazi hiyo.

Wapo watakaosema kuwa hili ni jambo dogo. Neno moja tu, tena fupi, linaeleweka na kila mtu. Kuna njaa, kuna maradhi, kuna barabara mbovu, nani ana nafasi ya kuhangaika na neno? Aghalabu wasemao hivyo ni watu waliosoma, na wengi wao wanakula mshahara wa umma kwa kazi ya kuandika na kufundisha. Yafaa waelezwe tangu mwanzo kuwa ugomvi huu hautokani na kuupenda usafi wa lugha. Kiswahili hakijawa lugha safi kwa maana hiyo, na hakuna anayetaka kiwe hivyo. Meza imetoka kwa Wareno, shule imetoka kwa Wajerumani, serikali imetoka kwa Waajemi, na huo "msaada" ambao sapoti inataka kuufukuza asili yake ni Kiarabu. Hakuna aliyepata hasara kwa kuketi mezani.

Lakini maneno hayo yalikuja na vitu vyake, au yalikuja kujaza pengo. Baisikeli ilikuja na magurudumu yake, redio ikaja na sauti yake, hospitali ikaja na vitanda vyake. Mgeni wa namna hiyo hukaribishwa. Sapoti haikuja na kitu. Iliingia mikono mitupu, ikakuta nyumba imejaa wenyeji wanaofanya kazi zao vizuri, na ikaanza kuwatoa mmoja mmoja nje ya mlango. Leo yapo maneno zaidi ya kumi ya Kiswahili fasaha ambayo kijana wa kidato cha nne anayajua kwa kuyasikia tu, lakini hayamjii ulimini, kwa sababu kila mahali yalipotakiwa kusimama amesimama huyu mmoja.

Inafaa kuitazama asili ya neno lenyewe. Waingereza husema "support". Walilipata kutoka kwa Wafaransa katika karne ya 14, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, ambako lilikuwa maneno mawili yaliyounganishwa: moja lenye maana ya "chini", na jingine lenye maana ya "kubeba". Maana yake ya kwanza, basi, ni kubeba kitu kwa kutokea chini yake. Ni ndugu wa tumbo moja na "ripoti", ambayo nayo imetokana na kubeba, yaani kubeba habari na kuirudisha ilikotakiwa. Mwenye kubeba kwa chini huumia mabega, na ndiyo maana Mfaransa alilichukua neno hilo upande wa maumivu. Mpaka leo, katika Kifaransa, maana yake kuu ni kuvumilia. Mfaransa akitumia kitenzi hicho kwa kukanusha kuhusu jirani yake, anasema kuwa hawezi kumvumilia. Walinzi wa lugha hiyo hukasirika sana wanapoona vijana wao wanalitumia kwa maana ya Kiingereza ya kushabikia timu, na huwaambia waziwazi kuwa hayo ni makosa ya kuiga. Hilo likumbukwe na wale wanaodhani kuwa kulinda maneno ya nyumbani ni tabia ya watu wa nchi maskini.

Katika Kiingereza neno hili limetwishwa mizigo mingi mno. Nguzo inayozuia paa isianguke, baba anayewalisha watoto wake, mpiga kura anayemtaka mgombea fulani, ushahidi unaolipa nguvu dai la mahakamani, askari wa nyuma wanaowapelekea risasi walio mbele, fundi anayejibu simu ya mtu ambaye mashine yake imegoma: wote hao Mwingereza huweza kuwaita kwa neno moja. Hata hivyo hapotei, kwa sababu mbili. Kwanza, amelizungushia maneno mengine mengi yanayomwelekeza msikilizaji. Pili, jambo linapofika kwenye fedha na sheria, Mwingereza huyohuyo huliweka neno hili kando na kutafuta lililo kali zaidi. Katika mkataba wake hatasema kuwa amempa mtu support. Atasema kama amempa, amemkopesha, amemdhamini au amemlipa. Aliyeliazima neno akaliacha neno kali amechukua blanketi la jirani akasahau kuwa jirani ana nguo nyingine ndani.

Sasa itazamwe hazina iliyopo nyumbani. Kwa kitu kinachoshikilia kingine kisianguke, Kiswahili hakina jina moja, kwa sababu wenye lugha hii walikuwa wajenzi, mabaharia na wapishi, na kila mmoja alijua kinachoshika kazi yake. Nguzo husimama. Boriti hulala juu na kupokea dari. Mwega huwekwa kwa mshazari pale ukuta unapoanza kuinama. Gadi ni mti unaowekwa ubavuni mwa jahazi lililokupwa, lisilale upande. Mafiga ni matatu, na yakiwa mawili chungu humwagika. Kata hukaa kati ya kichwa na mtungi. Mkongojo ni wa mzee. Mtu anayesema kuwa vyote hivi ni "sapoti" hajasema uongo, lakini mjenzi akimtuma kijana wa namna hiyo akamletee sapoti, kijana atarudi na nini?

Utajiri mkubwa zaidi umo katika vitenzi. Lichukuliwe kwanza "kuunga mkono". Mwenye kuunga mkono hayuko chini ya mtu wala juu yake. Ameunganisha mkono wake na wa mwenziwe, nao wako sawa kwa kimo. Ndiyo maana msemo huo umekaa vizuri sana Bungeni. Waziri anapotoa hoja, anayefuata husimama akasema "naafiki", na kwa neno hilo hoja inapata uhalali wa kujadiliwa; wabunge wengine wakichangia husema "naunga mkono hoja". Ni vitendo viwili tofauti, vyenye uzito tofauti katika kanuni, na Kiswahili kimevipa majina mawili. Siku ambayo mbunge atasimama na kusema "naisapoti", Spika atakuwa na haki ya kumwuliza kama anaafiki, anaunga mkono, anaipenda tu hoja, au anakusudia kuigharimia.

Kisha kuna "kuhimili". Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi unaohusu kubeba mzigo, na kutoka mzizi huohuo Kiswahili kimepata "hamali", mtu anayejipatia riziki kwa mgongo wake bandarini na sokoni. "Mhimili", kile kinachobeba nyumba, na kwa mfano wake mihimili mitatu ya dola. Na "kustahimili", yaani kubeba jambo zito moyoni bila kuvunjika. Kile ambacho Mlatini alikipa Mfaransa na Mwingereza, yaani kubeba mzigo na kuvumilia uzito wake, Kiswahili kilikuwa nacho siku nyingi, tena kikiwa na watoto na wajukuu. Msomi anayekwenda London kuomba neno hilo ni sawa na mtu wa Mafia anayepanda boti kwenda kununua nazi.

Na kuna "kutegemea". Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika mnyambuliko wa kitenzi hiki, kila herufi inayoongezwa hubadili nani anabeba na nani anabebwa. Anayetegemea amemwegemea mwenziwe. Anayetegemeza ndiye anayeshikilia. Anayetegemewa anajua kuwa akiondoka mtu ataanguka. Wanaotegemeana hakuna aliye bwana wa mwingine. Anayejitegemea amesimama kwa miguu yake. Haikuwa bahati tu kwamba mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa na baadaye mwaka huohuo Mwalimu Julius Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, siasa nzima iliweza kubebwa na kitenzi kimoja ambacho hata mkulima asiyejua kusoma alikielewa papo hapo. Alikuwa anakijua tayari. Alikwishasikia kwa bibi yake kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya mafanikio na makosa ya siasa ile. Juu ya uwezo wa lugha iliyotumika kuieleza hapawezi kuwa na maoni mawili.

Neno "sapoti" halina mlango wa kuuliza swali hilo. Mtu akisema "tuna sapoti ya wafadhili", msikilizaji hasikii kuwa kuna aliyeegemea na kuna aliyeegemewa. Husikia jambo la furaha tu. Wala hili si nadharia. Katika miaka ya 2000 sehemu kubwa ya bajeti ya Serikali ya Tanzania ilipitia mpango uliojulikana kama misaada ya kibajeti. Ndani ya kapu hilo moja zilichanganyika fedha za aina mbili. Zilikuwemo zilizotolewa bure na baadhi ya nchi za Ulaya, na zilikuwemo za Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika ambazo zilikuwa mikopo, yenye masharti nafuu ni kweli, lakini mikopo. Katika Kiingereza cha wataalamu kapu zima liliitwa "support". Aliyeitia lebo hiyo alijua kilichomo. Aliyesikia tafsiri yake kijijini hakujua kuwa sehemu yake italipwa na wanawe. Kisha mwaka 2014, kufuatia sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, wahisani walizuia fedha hizo, na mipango iliyokwisha kupitishwa ikayumba. Hapo ndipo tofauti kati ya kuungwa mkono na kutegemezwa ilipojulikana kwa vitendo. Aliyeungwa mkono, mwenziwe akiuondoa mkono, hubaki amesimama. Aliyetegemezwa, mwega ukivutwa, huanguka.

Ipo hatari iliyo karibu zaidi na mwalimu. Tangu Januari 2016 ada zilifutwa katika shule za umma kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hatua hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Badala ya ada, Serikali hupeleka ruzuku shuleni. Mwaka 2018 Rais John Magufuli alikemea vikali na kupiga marufuku michango ambayo wazazi walikuwa wakitozwa na shule. Katika jambo hili kila neno lina mipaka yake. Ada ni malipo ya lazima. Ruzuku hutoka katika hazina ya umma na ina matumizi yaliyowekwa. Mchango, ukiwa wa hiari, mtu hutoa kwa kupenda. Ukiwa wa lazima, umekuwa ada iliyovaa kanzu. Zawadi haidaiwi. Mkopo hurudishwa. Mkuu wa shule aliyezoea kuyatumia maneno hayo hawezi kukosea bila kujua kuwa anakosea.

Lakini mkuu wa shule akiandika kuwa "wazazi wametoa sapoti ya shilingi elfu ishirini kila mmoja", ameandika nini? Je, mzazi asiyetoa mwanawe alirudishwa nyumbani? Kama alirudishwa, hiyo ni ada. Kama hakurudishwa, mbona kila mmoja ametoa kiasi kilekile, kana kwamba mioyo ya wazazi mia tatu imepimwa kwa kibaba kimoja? Neno limefunika swali, na mkaguzi anayesoma taarifa hiyo hana pa kushika. Hapana budi kusema kwa haki kuwa wengi waandikao hivyo hawana nia mbaya. Madawati hayatoshi, choo kimejaa, na wazazi wenyewe wako tayari. Hata hivyo, nia njema ikizoea kuvaa neno lisilo na mipaka, nia mbaya nayo itaazima nguo hiyohiyo, na macho ya mpita njia hayataweza kuzitofautisha.

Mfano wa jambo hilo upo katika historia ya karibuni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu kile kilichoitwa "takrima", yaani ukarimu wa kimila ambao mgombea aliweza kuwaonyesha wapiga kura bila kuhesabiwa kuwa ametoa rushwa. Neno lilikuwa zuri kabisa. Takrima ni heshima anayopewa mgeni. Hakuna Mswahili anayeona haya mbele ya neno hilo. Kwa kuwa lilikuwa zuri, lilifaa sana kufunika lisilo zuri, na pilau ikaliwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vile vilikwenda kinyume cha Katiba, na takrima ikaondoka katika sheria. Waliokuwa wakila kwa jina hilo hawakuacha kuona njaa. Walihitaji jina jingine, na jina hilo lisingeweza kutoka katika Kiswahili cha kawaida, kwa sababu Kiswahili cha kawaida kina hongo, mlungula, rushwa, na hata chai, na yote hayo yanajulikana. Leo mgombea hatoi takrima. Anatoa sapoti kwa vikundi vya kina mama, sapoti kwa vijana wa bodaboda, sapoti kwa timu ya kata. Huenda nyingine ni hisani ya kweli. Lakini afisa anayechunguza, mwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 mkononi, atalikuta neno ambalo halimo katika sheria yoyote na halina maana moja katika kamusi yoyote.

Baadhi ya watu, kwa kuikimbia sapoti, wameangukia shimo la pili. Nao wastahili kuambiwa. Hawa hufungua kamusi, hukuta kuwa "support" ni "kuunga mkono", na tangu siku hiyo huunga mkono kila kitu. Wanaunga mkono wagonjwa. Wanaunga mkono ukuta. Wapo waliopata kuandika kuwa mashine fulani "haiungi mkono" umeme wa aina fulani, kana kwamba mashine ilipiga kura ya hapana. Katika simu za mkononi na kompyuta zilizotafsiriwa Kiswahili, mtumiaji huambiwa kuwa chombo chake "hakiauni" programu aliyoitaka. Kuauni ni neno la zamani na la heshima. Aliyemauni mwenziwe amemwokoa katika shida. Kulipeleka likaseme kwamba simu ya zamani haiwezi kufungua faili jipya ni kumvalisha mzee joho kisha kumtuma dukani. "Haikubali" ingetosha. Fundi yeyote wa Kariakoo angesema hivyo na kila mteja angemwelewa.

Kosa la mfasiri huyo na kosa la mwenye sapoti ni kosa moja. Wote wawili wanaamini kuwa neno moja la Kiingereza lazima lipate neno moja la Kiswahili. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1996, kama ilivyo kamusi yoyote ya kweli, haitoi jibu moja kwa neno hilo. Inatoa mengi, kwa sababu kazi ya kuchagua ni ya mwandishi na hulipwa mshahara kwa ajili hiyo. Anayekimu familia haiungi mkono. Anailisha, anaivisha, anaisomesha. Baba aliyemwacha mtoto hadaiwi sapoti. Anadaiwa matunzo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki hiyo. Aliyefiwa hapewi sapoti. Hupewa pole, huliwazwa, huletewa rambirambi, na Pwani huletewa ubani. Anayesimama nyuma ya mkopo wa mwenziwe ni mdhamini, na akijiita msapoti atashangaa siku benki itakapokuja kuchukua nyumba yake. Ushahidi haupewi sapoti; huthibitishwa au hupewa nguvu na ushahidi mwingine. Malipo ya ofisi yana vielelezo vyake. Na hata katika mpira, ambako neno hili limestawi kuliko mahali pengine popote, watu wa Yanga na Simba, klabu zilizoanzishwa mwaka 1935 na 1936, wana desturi ya kutofautisha mwanachama aliyelipa kadi, mpenzi anayeumia kimyakimya timu ikifungwa, na shabiki anayewasumbua majirani. Akiitwa "sapota" haijulikani kama katika mkutano mkuu ana kura au ana tarumbeta tu.

Mtoto wa darasa la sayansi naye ana haki yake. Katika shule ya msingi hufundishwa nyenzo kwa Kiswahili: kuna mzigo, kuna jitihada, na kuna egemeo. Neno "egemeo" humwambia bila kamusi mahali ambapo mti umeegemea. Akiwa na kipande cha mti na jiwe anaweza kulionyesha uani kwao. Mwalimu anayemwambia mtoto huyo kuwa jiwe lile ni "sapoti ya mti" amemnyang'anya chombo alichokuwa nacho mkononi, akampa sauti.

Inasemwa kuwa hayo yote ni maneno ya vijana na ya mitaani, nayo mitaa haiamriwi na mtu. Ni kweli, na hakuna anayemlaumu kondakta wa daladala. Mitaa ina lugha yake, huizaa na kuizika kwa msimu. Lakini sapoti haikutoka mitaani kupanda ofisini. Ilishuka. Ilitoka katika semina, katika maandiko ya miradi yaliyoandikwa kwanza kwa Kiingereza ili msomaji wa ng'ambo aridhike, kisha yakasomwa kwa wananchi kwa haraka, nusu yakiwa yametafsiriwa na nusu yakiwa yameachwa yalivyo. Afisa aliyesimama mbele ya mkutano hakupata muda wa kujiuliza kama fedha ile ni ruzuku au mkopo, na pengine hakutaka kuulizwa. Akasema sapoti. Watu wakapiga makofi, wakaondoka na neno. Hiyo ndiyo kasumba katika maana yake halisi: kilevi kinachomfanya mtu aone fahari mahali ambapo angepaswa kuona shaka.

Serikali imefanya yake kwa upande wa sheria. Mwaka 1967 iliagizwa kuwa shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na mwezi Novemba mwaka huo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwalimu Nyerere alikwishatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya Julius Caesar mwaka 1963 na ya Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na lugha ilibeba fitina za Roma na hila za mahakama ya Venisi bila kupasuka. Lugha iliyoweza kazi hiyo haiwezi kushindwa na taarifa ya ujenzi wa vyoo viwili. Haitoshi, kwa hiyo, kuvaa fulana na kuandamana tarehe 7 Julai, kisha tarehe 8 asubuhi kurudi mezani na kuandika kuwa idara "imesapotiwa".

Linalotakiwa ni jambo la kawaida kabisa la kiofisi, wala halihitaji kamati. Kila mahali ambapo fomu, taarifa ya robo mwaka au kumbukumbu ya kikao ina neno "sapoti" au "msaada" peke yake, mwandishi alazimike kusema ni nini: ruzuku, zawadi, mkopo, mchango wa hiari, udhamini, au kazi ya mikono. Aseme nani katoa, kiasi gani, na kama kitarudishwa, lini na kwa riba gani. Wakuu wa idara wawarudishie wasaidizi wao taarifa isiyosema hivyo, kama wanavyoirudisha isiyo na sahihi. Walimu wa Kiswahili nao wanaweza kuwapa wanafunzi ukurasa mmoja wa gazeti wawaambie waitafute kila sapoti iliyomo na kuweka badala yake neno linalostahili. Zoezi hilo litakuwa gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mara nyingi mwanafunzi atagundua kuwa hawezi kulibadili neno, maana mwandishi hakusema alichokusudia.

Watumishi wa umma wanaoona kuwa madai haya yamezidi wana njia rahisi ya kuyapima. Ipo siku ambayo kila mmoja wao atafika umri wa kustaafu na kupokea barua. Kwa siku hiyo Kiswahili kimeandaa neno ambalo halina mfano wake katika Kiingereza: kiinua mgongo. Limejaa miaka yote ya kuinama juu ya meza na ubao. Basi barua hiyo iandikwe kwa lugha ambayo mstaafu huyo aliizoea katika taarifa zake. Iseme kuwa, kwa kutambua utumishi wake wa muda mrefu, mwajiri atampa sapoti. Kabla ya saa nne asubuhi atakuwa amefika dirishani na barua mkononi, anauliza ni kiinua mgongo au ni hisani, ni kiasi gani, kwa kanuni ipi, na kitalipwa tarehe ngapi.